Kwikwi za Bibi Harusi Bukini

Watu wakifa huacha picha ukutani. Dada yangu Opal hakupenda kupigwa picha, na katika zile chache alizopigwa amegeuka upande au amefunika mdomo kwa mkono. Alichotuachia ni sauti, na hata hiyo si ya kuzungumza. Ni kwikwi. Zimo ndani ya katuni moja ya mwaka 1934, ya bata bukini anayeolewa. Ukiiwasha ile filamu, dada yangu anashikwa na kwikwi tena, kama vile hatukumzika mwezi uliopita. Nataka kuandika jinsi zilivyoingia humo, nikiwa bado nakumbuka nani alisema nini.

Tulikuwa wapaka rangi, mimi na yeye, katika studio ya Bwana Lathrop, Los Angeles. Wachoraji, wote wanaume, walichora kwa penseli. Wasichana wa meza za mbele walinakili ile michoro kwa wino juu ya karatasi angavu za plastiki, na sisi wa nyuma tulizigeuza na kuzijaza rangi: nyeupe, nyeusi na vijivu vya kila namna, maana filamu zetu hazikuwa za rangi. Tulivaa glavu za pamba zilizokatwa ncha za vidole ili jasho lisiache alama. Uliweza kupaka bawa la bata asubuhi nzima, bawa lile lile, mara limepanda kidogo, mara limeshuka kidogo, usijue linampungia nani. Filamu ikikamilika, wakubwa ndio walioitazama. Sisi tuliiona ikifika sinema ya mtaani, tukikata tiketi kama watu wengine, kama tulikumbuka kuifuata.

Opal alipangiwa bukini tangu mwanzo. Alimpaka shela, akampaka mdomo, akampaka yale macho ya aibu. Jioni tukirudi chumbani kwetu alikuwa akisema, "Leo nimemfikisha mlangoni mwa kanisa," au, "Leo kainama, sijui kaangusha nini." Alizungumza juu yake kama jirani anayemwona dirishani.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Bukini yuko kanisani, mchungaji ni bundi mwenye wigi, na kila bibi harusi anapotaka kusema "ndiyo" anashikwa na kwikwi. Anafunga mdomo. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anaona haya. Halafu kitu kinaruka: kwanza wigi la mchungaji, kisha keki, kisha vioo vya madirisha, na mwisho paa zima la kanisa. Michoro ilikuwa imekwisha, imepakwa na imepigwa picha. Kilichobaki ni sauti, na sauti ya kwikwi haikupatikana.

Kazi hiyo ilikuwa ya Clem Tully, mtu wa vishindo. Clem alikuwa na meza iliyojaa makopo, vifuu vya nazi, pampu za baiskeli na bati la kutikisa wakati wa radi. Wiki ile alikuja uani tukiwa tunakula mikate yetu ya mchana, akiwa na puto mkononi.

"Sikilizeni hii, warembo," alisema, akalibana puto likalia.

"Hiyo si kwikwi," nilimwambia. "Hiyo ni tairi."

"Haya, na hii je?" Akapuliza filimbi ya wawindaji wa bata.

"Huyo ni bata anayedai talaka," Opal alisema, akacheka kwa utani wake mwenyewe, na papo hapo ikamjia.

Niieleze kwikwi ya dada yangu. Ilianzia chini kifuani, kama mtu anayenyanyua ndoo. Ikakwama. Halafu ikatokea juu kabisa, nyembamba, kama bawaba ya lango isiyotiwa mafuta. Ilimjia akicheka, akicheka kweli, na ikishamjia hairudi ndani kwa kuambiwa. Nyumbani Kansas mchungaji wetu alimwomba mama amtoe katika kwaya, akakae karibu na mlango pamoja na wenye watoto wachanga. Tangu hapo ndipo alipozoea kufunika mdomo.

Dirisha la juu lilifunguka kwa kishindo. Bwana Pruitt, mwongozaji wa ile katuni, alitoa kichwa nje, shavu limejaa mkate.

"Nani huyo?"

Sote tuliinamia mikate yetu.

"Nimeuliza, nani kafanya hivyo?"

Wenzetu, bila huruma, wakamnyooshea Opal vidole.

"Samahani, Bwana Pruitt."

"Samahani ya nini? Fanya tena!"

"Haifanywi, bwana. Inakuja yenyewe."

"Basi iambie ije Ijumaa!" alisema, akafunga dirisha. Clem alilitazama puto lake, akalitupa kwenye pipa.

Sasa niseme kwa nini Ijumaa ile, siku ya kunasa sauti, ilikuwa na uzito kwetu. Kampuni ya New York iliyosambaza filamu zetu ilikuwa imeleta simu ya maandishi kwa Bwana Lathrop. Tulikuwa tumechelewesha katuni zilizotangulia. Hii ya bukini isipokuwa ndani ya treni ya Jumamosi alasiri, mkataba umekufa. Na ikifika ikiwa haichekeshi, vile vile umekufa. Bwana Lathrop alituita sote akatueleza amesimama juu ya kiti, kisha akashuka akajifungia ofisini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Studio nyingine hazikuwa zikichukua mtu. Shamba la baba mdogo kule Kansas lilikuwa limezikwa na vumbi mpaka juu ya ua, na mjini wanaume wenye suti nzuri walipanga foleni ya supu. Mimi na Opal hatukuwa na pa kurudi.

Siku hizi sauti zinanaswa kipande kipande na kuunganishwa. Sisi tulizinasa zote kwa pamoja, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Picha ilichezwa kwenye kitambaa cheupe, na pembeni mwa picha ulikuwako mpira mdogo uliorukaruka kuonyesha mapigo. Bendi ilipiga kwa kufuata mpira ule, Clem alivunja vitu vyake kwa kufuata mpira ule, na waimbaji vivyo hivyo. Mmoja akikosea, wote tunarudia. Na huwezi kusikiliza ulichonasa, maana sauti ilikuwa ikipigwa picha kwenye filamu kama picha nyingine, mpaka isafishwe kwanza maabara.

Ijumaa mchana tulikusanyika katika banda la studio ambalo zamani lilikuwa gereji. Kuta zilifunikwa blanketi. Mtu mmoja alitumwa barabarani kumzuia muuza barafu asipige kengele. Sisi wapaka rangi tulikuwa waumini wa kanisa la bukini. Kazi yetu ilikuwa kusema "Lo!" kila kitu kinaporuka. Tulisimama kwa safu tukiipa mgongo picha, tukitazama mkono wa Bwana Pruitt. Opal alisimama mbele yetu, naye amegeuzwa hivyo hivyo, mdomo karibu na maikrofoni. Amri ilikuwa hiyo: mwimbaji hatazami picha, anatazama mkono. Bwana Pruitt aliamini kwamba anayetazama picha huchelewa, na sauti inayochelewa ni sauti iliyokufa. Alisema hivyo kila mara, akipiga ngumi kiganjani: "Picha, pa! Sauti, pa! Pamoja!"

Kiongozi wa bendi alikuwa mzee Brodkin, mtu mnene mpole aliyekuja Marekani na fidla moja na viatu vya kaka yake. Aliinua kijiti. Taa nyekundu ikawaka.

Kinanda cha kanisa kikaanza. Tarumbeta zikaingia. Mimi sikuona picha, lakini nilijua tulipofika kwa mkono wa Bwana Pruitt, uliopanda, ukakaa, ukashuka ghafla kumwelekea Opal.

"Hik," alisema Opal.

Ilikuwa kama mtu anayesoma neno ubaoni. Clem alipuliza pampu yake, wigi likaruka, tukasema "Lo!" na bendi ikaendelea, lakini nilimwona mpiga tuba akifunga macho kama anayeumwa jino. "Hik," Opal alisema tena kwenye keki. "Hik," kwenye madirisha, na Clem akapasua sahani zake zote za raundi ile ndani ya pipa la bati. Kila hik ilikuwa juu ya mpira kabisa. Hakuna iliyochelewa hata chembe.

Taa ikazimika.

"Imekaa mahali pake," Bwana Pruitt alisema.

"Kama maiti," alisema Brodkin.

Ndipo ghasia ikaanza. Kila mtu alikuwa na dawa. Mpiga fidla alisema anywe siki. Fundi wa sauti alisema ale mkate mkavu haraka haraka bila maji, na mkate ukaletwa, na dada yangu maskini akautafuna mbele ya bendi nzima, ukali wa siki aliyokunywa ukimtoa machozi. Mpiga ngoma alimwendea kwa nyuma akampigia matoazi ya shaba sikioni.

"Wee! Una wazimu?" Opal alimgeukia.

"Nilidhani ukishtuka..."

"Nikishtuka napiga watu. Rudi kwenye ngoma yako!"

Watu wakacheka, Opal akacheka, na kwikwi ikaja, nzuri, kubwa, ile yenyewe ya bawaba. Bendi nzima ikalipuka kwa shangwe.

"Anzeni! Anzeni!" Bwana Pruitt alipiga kelele. "Rudisheni filamu mwanzo!"

Lakini filamu huchukua muda kurudishwa mwanzo. Tulisimama tumemkodolea dada yangu macho kama watu wanaochunga maziwa jikoni. Kwikwi nyingine ikaja, ndogo. Nyingine, ndogo zaidi. Taa nyekundu ilipowaka zilikuwa zimekwisha. Tulirudia yote, kinanda, tarumbeta, pampu, sahani, naye akasema hik, hik, hik, mahali pake, kila moja ikiwa imekufa kuliko mwenzake.

Clem aliinua pipa la bati akatazama ndani. "Bosi, sahani zimekwisha."

"Zimekwisha vipi?" Bwana Pruitt aliuliza.

"Zimevunjika. Ndiyo kazi yake."

Wanamuziki walikuwa na ruhusa ya kukaa mpaka saa kumi na moja, na baadhi yao walikuwa wameanza kutazama mlango. Bwana Lathrop, aliyekuwa amekaa kizingitini na kofia magotini, aliinuka akatoka. Nilidhani ameshindwa kuvumilia. Alirudi na sanduku la vyombo vya chai, vya kaure, vyenye maua ya dhahabu, akaliweka mezani kwa Clem.

"Bosi," Clem alisema taratibu, "hivi si vyombo alivyokupa mama mkwe?"

"Vunja. Mama mkwe hayupo."

Bwana Pruitt alijifuta uso. "Basi Clem, chukua ile filimbi ya bata. Asante, Opal. Umejitahidi, mama. Kaa na wenzako."

Dada yangu hakusogea. Nilimjua, nikajua kwamba kuna jambo, kwa jinsi alivyovua glavu zake na kuziingiza mfukoni.

"Bwana Pruitt," alisema, "nimempaka rangi yule bukini kwa miezi. Mimi ndiye niliyemvika shela. Sijamwona akipiga hata hatua moja."

"Utamwona sinema."

"Nataka kumwona sasa. Nigeuzeni."

"Ukimtazama utachelewa."

"Bora nichelewe kuliko kudanganya."

"Binti, hatuna raundi nyingine! Hii ndiyo ya mwisho. Ukichelewa, nitawapelekea nini New York?"

"Na nikisema hik kama karani wa posta, utawapelekea nini?"

Mtu alikohoa kule kwenye tarumbeta. Mzee Brodkin alishusha kijiti chake.

"Mgeuze, Pruitt. Hata akiharibu, ataharibu akiwa hai."

"Haya, mgeuzeni! Mgeuzeni, upesi!" Bwana Pruitt alisema kwa sauti ya mtu anayeruka ukuta. Fundi alikimbia na maikrofoni, waya ukimfuata nyuma, wakampanga Opal upya, akitutazama sisi, na picha ikawa juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo mimi, ambaye sikuruhusiwa kugeuka, niliitazama katuni ile usoni mwa dada yangu.

Taa nyekundu. Kinanda.

Mwanga wa kijivu ulianza kumcheza shavuni. Akamwona. Nilijua ni pale alipomwona, kwa kuwa nyusi zilipanda na mdomo ukafunguka kama mtoto anayeonyeshwa tembo. Bukini alikuwa anatembea! Opal alianza kutikisa kichwa pole pole kwa kufuata ile mikogo, kushoto, kulia, kushoto, na mkono wake mmoja ulishika kitu kisichokuwepo, nadhani ni shela. Machozi yalimlenga. Nikasema moyoni, Mungu wangu, atalia, tumekwisha.

Mkono wa Bwana Pruitt ukapanda, ukakaa, ukashuka.

Kimya.

Mpira umekwisha ruka. Kwenye picha, nilivyoelezwa baadaye, bukini alifungua mdomo, akaufunga, akatazama kulia, akatazama kushoto. Opal aliuona ule mtazamo, yale macho ya aibu aliyoyapaka yeye, yakienda huku na huku, na kicheko kikampanda kutoka miguuni. Alikibana. Alibana midomo. Na kwikwi ikatoka hivyo hivyo, mdomo umefungwa, kama lango la shamba lililofunguliwa ndani ya pango.

Na hapo hapo Clem, aliyekuwa akifuata mpira wake bila kujali mtu, alipuliza pampu, wigi likaruka, nasi tukasema "Lo!" kwa nguvu ambayo hatukuwa nayo mwanzo.

Bwana Pruitt alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Imechelewa. Lakini Brodkin hakusimama. Aliisukuma bendi mbele, jasho likimtiririka, na Opal akawa mtu asiyejizuia tena. Keki: bukini anatazama kulia, anatazama kushoto, na kwikwi hiyo! Madirisha: kwikwi hiyo, na vyombo vya mama mkwe vikaingia kwenye pipa kwa mlio ambao sahani za bei rahisi hazingeutoa kamwe. Kila moja ilichelewa, na ilichelewa sawasawa. Mpiga tarumbeta wa kwanza alikuwa ameuma tai yake asicheke. Mpiga besi alikuwa amegeukia blanketi la ukutani, mabega yakitetemeka, akipiga bila kutazama. Kwenye paa la kanisa Opal alitoa kwikwi ndefu kuliko zote, yenye vyumba viwili, Clem akatikisa bati mpaka likampasua kidole, na sisi wapaka rangi hatukusema "Lo!" tena, tulipiga yowe.

Taa ikazimika. Bendi nzima ikaangua kicheko. Mpiga besi alikaa chini sakafuni.

"Nyamazeni!" Bwana Pruitt alisema. Alikuwa mweupe kama karatasi. "Imechelewa. Zote zimechelewa. Anafungua mdomo, hakuna kitu, anafunga mdomo, ndiyo sauti inakuja. Mnajua hiyo inaitwaje? Inaitwa kosa."

"Watazame watu wangu," Brodkin alisema. "Yule mwenye fidla hajacheka tangu ashuke melini."

"Wanacheka kwa sababu wanamwona Opal! Watu wa sinema hawatamwona Opal. Watamwona bata aliyefunga mdomo."

Alisema kweli, na hicho ndicho kilichotutisha. Hatukuweza kuisikiliza. Hatukuweza kuona picha na sauti vikiwa pamoja. Wanamuziki walikuwa wanafunga masanduku yao. Gari la maabara lilikuwa mlangoni, na lilitakiwa kuondoka na raundi moja tu: ya pili, iliyokaa mahali pake na kufa, au ya tatu, iliyo hai na kuchelewa.

"Ipi, Pruitt?" Bwana Lathrop aliuliza. Alikuwa ameshika mpini wa kikombe, kilichobaki cha seti nzima. "Sema ipi. Ukikosea, sote tunakutana kwenye supu."

Bwana Pruitt alimwendea Opal. Dada yangu alikuwa bado anajifuta macho kwa kiwiko.

"Kwikwi zako halisi," alimuuliza, "ukiwa kanisani, unafungua mdomo?"

"Kanisani? Afungue nani? Unabana kama mtu aliyemeza sabuni. Unatazama kulia na kushoto kama vile si wewe. Halafu ndiyo inatoka."

Bwana Pruitt alisimama pale. Midomo yake ilikuwa ikicheza, kama anayehesabu mapigo. Kisha alijaribu mwenyewe: alifungua mdomo, akaufunga, akatazama kulia, akatazama kushoto, na kuruka kidogo, mdomo umefungwa. Alifanya tena. Clem alianza kucheka.

"Tatu," Bwana Pruitt alisema. "Chukueni ya tatu. Nendeni kabla sijabadilisha mawazo. Nendeni!"

Jumamosi maabara ilitoa nakala ikiwa bado inanuka dawa. Bwana Lathrop alimjua mwenye sinema mmoja wa Glendale, na huyo alikubali kuiweka mwanzoni mwa onyesho la mchana, kabla ya filamu ya wachunga ng'ombe. Clem aliacha gari likinguruma nje, maana kutoka pale nakala ile ile ingekimbizwa stesheni. Tuliingia ukumbini sote, tukatawanyika tusijulikane. Palijaa watoto na mama zao na maganda ya karanga. Opal alikaa kando yangu, glavu zake za Jumapili mikononi, amebana magoti kama anayesubiri daktari wa meno.

Bukini alitokea. Mara ya kwanza nilimwona na mimi, akitembea na mikogo yake yote, na nikaelewa uso wa dada yangu siku iliyopita. Alifungua mdomo. Kimya. Alifunga mdomo. Nyuma yangu nilisikia kiti kikilia, na najua ni Bwana Pruitt aliyekuwa ameinuka. Bukini akatazama kulia. Akatazama kushoto.

Ikatoka.

Sijui niseme nini juu ya kicheko kile. Hakikuanza kwa mmoja na kuenea. Kiliruka kutoka sakafuni kwa pamoja, watoto, mama zao, mkata tiketi mlangoni, na wigi liliporuka hakuna aliyesikia pampu ya Clem wala "Lo!" yetu. Kwenye keki walikuwa wameshajua, wakaanza kucheka bukini alipofunga mdomo tu, wakiisubiri. Mtoto mmoja alisimama juu ya kiti akapiga kelele, "Inakuja! Inakuja!" Bwana Lathrop alikuwa amevaa kofia yake kinyume, akilia waziwazi.

Jibu la New York lilikuja baadaye, nalo lilikuwa jema. Walitaka katuni nyingine ya bukini kabla ya Krismasi, tena walitaka bata yule yule mwenye kwikwi zile zile, na studio iliishi, nasi tukaishi nayo. Lakini mimi sikulingoja lile jibu. Nilikuwa nimekwisha kulisikia pale Glendale.

Opal hakuweza kujizuia. Alikuwa anamtazama bata wake akivunja madirisha ya kanisa, amefunika mdomo kwa mikono miwili, na kwikwi ikamtoka, ya kweli, kubwa, katikati ya ukimya mdogo kabla ya paa kuruka. Ilikuja muda ule ule na ya bukini. Mama mmoja mwenye kofia ya maua aliyekaa mbele yetu aligeuka nusu kiti.

"Wee dada," alisema, "bata tumemlipia. Wewe hatukukulipia. Hebu nyamaza tumsikie."

"Samahani, mama," Opal alisema. Akateremsha mikono mapajani, akabana midomo, akatazama kulia, akatazama kushoto.